Mlima Unaoingia Ziwani

Koti huvuliwa Tukuyu, sweta huvuliwa Masoko, na ukifika Ipinda unatamani kuvua hata shati. Asubuhi ile tulipopita Isongole, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akina mama waliokuwa wakiuza viazi kando ya lami walikuwa wamejifunga vitenge juu ya majaketi, wakiongea na mvuke unawatoka midomoni. Jioni tulikuwa tumekaa chini ya mwembe wa Ipinda, karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, tukijipepea kwa vifuniko vya maboksi. Tulikuwa tumeshuka zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda chini, na hatukuwa tumetoka hata nje ya Mkoa wa Mbeya.

Wengi wanaokwenda kupumzika Matema hulipita bonde hili la Kyela wakiwa wamesinzia garini, hamu yao yote ikiwa ni mchanga wa ufukweni. Naona wanajipunja. Ncha hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa haieleweki mpaka uwe umeteremka nayo hatua kwa hatua, kwa sababu karibu kila kilichopo ziwani na pembeni mwake kimetoka juu: tope linalootesha mpunga, maji ya mito, hata upepo. Na vipo vinavyopanda kurudi juu, kama nitakavyoeleza.

Nilisafiri na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Busokelo aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi bila kupunguza hata chembe ya majivuno ya kwao. Tulikodi Noah pale Uyole, gari lililochoka lakini lenye dereva mcheshi, na tukakubaliana kwamba tutasimama kila mahali ambapo mmoja wetu atasema "hapo!".

Pa kwanza palikuwa Ngozi. Njia ya kupanda inaanzia upande wa kulia wa barabara ya Tukuyu, inapita mashambani, inaingia msituni, kisha kwenye mianzi, na mwisho inakuwa kali kiasi cha kukulazimisha kushika mizizi kwa mikono miwili. Ukifika ukingoni unachungulia ziwa la kijani lililotulia ndani ya kasoko ya volkano, lenye eneo la kilomita za mraba kama 3 na kina kinachozidi mita 70. Hakuna mto unaolitoka. Hakuna mtumbwi. Nilimuuliza shemeji kama watu huteremka kuoga. "Watu wa wapi?" akanijibu. "Wa kwetu hawana shida na maji kiasi hicho."

Kwa mwenye hamu ya wanyama, niseme mapema: huku hakuna simba, hakuna tembo, na gari la kufungua paa halina kazi. Mnyama mwenye sifa kuliko wote hapa ni kipunji, nyani wa msituni mwenye manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi na nywele zilizosimama utosini. Wawindaji wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe walikuwa wakimzungumzia tangu zamani. Watafiti walizisikia habari zake kwao, wakamfuatilia, wakamwona mwaka 2003. Dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata wanasayansi wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Si jambo dogo. Jenasi mpya ya nyani au tumbili ilikuwa haijapatikana barani Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Anaishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na kundi jingine dogo liko Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kama kipunji 1,100 tu duniani kote.

Sisi hatukumwona. Tuliona mbega, weusi na mabega meupe, wakirukaruka juu ya vichwa vyetu kwenye msitu wa hifadhi ya Rungwe, na mwongozaji wetu akasimama ghafla, akainua kidole, akasema sauti tuliyoisikia ng'ambo ya korongo ilikuwa ya kipunji. Ilikuwa sauti kati ya mlio wa honi na mbweko wa mbwa. Niliridhika. Msitu ambao unaambiwa mnyama yumo bila kuonyeshwa, kwangu una heshima zaidi kuliko ule ambao madereva wanaitana kwa redio kumzunguka chui mmoja.

Tukuyu tulinywa chai tu. Mji ule uliitwa Neu-Langenburg wakati wa Wajerumani, baada ya boma lao la kwanza lililokuwa ziwani kuhamishiwa huku kwenye baridi na usalama dhidi ya homa. Mashariki mwake uko Mlima Kiejo, uliomwaga lava yapata mwaka 1800 na ambao mpaka leo haujanyamaza kabisa: gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini hapo, nayo huvunwa, hujazwa kwenye mitungi na kupelekwa viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo soda inayokutekenya pua ukiwa Kariakoo huenda imeazima pumzi ya volkano ya Wanyakyusa, wenyeji wa huku. Shemeji aliifurahia sana habari hiyo. Akaanza kuidai.

Kutoka Tukuyu kuna njia mbili za kufika Ipinda. Moja ni lami inayoelekea Kyela, unaiacha Kikusya na kukata kushoto. Nyingine inapita Masoko, na ndiyo tuliyoifuata, maana pale kuna Ziwa Kisiba. Hili nalo ni ziwa la kasoko, duara kamili, dogo kuliko Ngozi lakini lenye bahati ya kufikika kwa gari mpaka ukingoni. Wajerumani waliweka kambi yao juu yake, na majengo yao ya mawe bado yamesimama. Inasimuliwa kwamba walipozidiwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia walitupa ziwani silaha na fedha ili Waingereza wasizipate. Kijana mmoja alitusogelea akiwa na sarafu kuukuu za heller kiganjani, zenye herufi D.O.A., alama ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki.

"Umezitoa mle ndani?" shemeji akamuuliza, akionyesha ziwa.

"Babu alizitoa, kaka."

"Na wewe unajua kuogelea?"

Kijana akacheka, nasi tukacheka, na biashara ikaishia hapo kwa amani.

Baada ya Masoko barabara inaporomoka. Migomba inazidi kuwa minene, kisha chini ya migomba unaanza kuona kakao, tunda limejishikiza kwenye shina lenyewe badala ya matawini, mengine mekundu, mengine ya njano. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka wilaya hii ya Kyela. Ukipita kijijini kipindi cha kuvundika punje unapokewa na harufu ya siki na pombe kwa pamoja, halafu unaona mbegu za kahawia zimeanikwa uani, mtoto mmoja kakabidhiwa kazi ya kufukuza kuku. Wakulima huuza kwa mnada kupitia vyama vyao vya ushirika. Dereva wetu, ambaye wazazi wake wana shamba Ipinda, alikuwa na hesabu zote kichwani: mwaka bei ilipopanda watu waliezeka bati jipya, ilipoanguka wakarudi kuusifu mpunga.

Ipinda si mji wa kuandikwa kwenye kadi za posta. Ni njiapanda yenye maduka, mashine za kukoboa mpunga, bodaboda, bajaji, na baiskeli nyingi kuliko nilizowahi kuona Mbeya nzima, kwa sababu ardhi ni tambarare na baiskeli haichoki. Nyua zimefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Miembe ni mikubwa kama nyumba. Na upande wa mashariki, juu ya mapaa yote, imesimama Milima ya Livingstone, ukuta wa buluu unaoanza ghafla mwisho wa tambarare. Unapofanya manunuzi sokoni unaiona. Unapokula unaiona. Baada ya muda unaanza kuitumia kama saa, maana mchana kutwa inabadilika rangi, na jioni makorongo yake yanaanza kujitokeza moja moja.

Tulifika mwezi wa Juni, mavuno ya mpunga yakiwa yamepamba moto. Malori yalikuwa yamepangana mbele ya mashine, pumba zinaruka, wanunuzi wanasaga punje kwa meno kupima ukavu, na magunia ya lumbesa yameshonwa juu mpaka yameota vilemba. Mchele wa Kyela una jina nchi nzima kwa harufu yake, na kwa sababu hiyo mchele wa kwingine mwingi hubatizwa jina hilo njiani kabla haujafika Dar es Salaam. Siri yake watu wa hapa hawaioni kuwa siri. Mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka kutoka milima ya volkano ikibeba udongo, na kila masika inafurika na kuumwaga bondeni. Mvua ya Kyela kwa mwaka hupita milimita 2,000, wakati Dodoma ikifikisha 600 watu wanashukuru. Mwezi wa Aprili nyumba nyingine huzungukwa na maji, barabara hukatika, mbu hutawala. Halafu maji yanaondoka, na mpunga unabaki.

Mama mwenye gesti tuliyofikia alitukaribisha kwa "Mugonile" hata kabla hatujateremsha mabegi. Nilijibu "Ndaga" kwa kujiamini, na hapo Kinyakyusa changu chote kikawa kimeisha. Chumba kilikuwa na kitanda, chandarua kisicho na tundu, feni na ndoo ya maji. Usiku alituandalia wali mpya, mweupe, unaonukia tangu sufuria haijafunuliwa, pamoja na mbasa.

Nimesema vipo vinavyopanda. Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa anayeishi kwenye maji ya wazi, lakini mvua zikija huingia mitoni na kupanda dhidi ya mkondo kwenda kutaga kwenye changarawe, huko maji yanakoanza kuwa ya baridi. Tabia hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo balaa lake. Anayetaka kumvua kirahisi hutega nyavu mdomoni mwa mto na kumngoja.

"Zamani, mwanangu, mbasa tulikuwa tunapeleka kwenye msiba," alisema mama yule akiweka sahani. "Siku hizi ukimpata unampikia mgeni, wewe unakula usipa."

"Basi tuletee usipa," shemeji akasema.

"Kula kwanza huyo. Usipa upo kesho, na kesho kutwa upo."

Nyama yake ni nyeupe, tamu, yenye miiba mingi ya kukulazimisha kula taratibu. Sijui kama ningekula kwa raha ile kama habari ningepewa kabla ya sahani.

Jirani wa gesti, mzee mstaafu wa ualimu, alikuja kutusalimia na mazungumzo yakaenda mpaka saa nne. Alituambia babu yake alikulia katika kijiji cha rika, utaratibu ambao Wanyakyusa walisifika kwao: vijana wa kiume walipofika umri fulani waliondoka kwa wazazi, wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakaa pamoja mpaka uzee. Godfrey na Monica Wilson walikuja kuishi huku miaka ya 1930 kuuchunguza utaratibu huo, na kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kikatoka mwaka 1951. Mzee alikuwa amekisoma. Alisema wameandika vizuri, ila ugomvi wameupunguza.

Lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda mpaka Matema ina urefu wa kilomita 39 na ushei. Ni barabara nzuri, na sehemu yake ya mwisho ndiyo inayokufanya unyamaze: ukuta wa milima uliokuwa ukiutazama kwa mbali unakujia, unajaa kioo cha mbele, kisha barabara inakosa pa kwenda. Mbele ni ziwa. Kushoto mlima umeingia majini moja kwa moja, bila mwambao, bila shamba, bila hata njia ya mbuzi. Hapa ndipo Bonde la Ufa lilipochana nchi. Milima inapanda zaidi ya mita 1,500 juu ya maji, na ziwa lenyewe, ambalo uso wake uko kama mita 470 juu ya usawa wa bahari, lina kina cha takribani mita 700 mahali palipo na kina kirefu zaidi, kusini mwa hapa. Maana yake sakafu yake iko chini ya bahari ya Dar es Salaam kwa zaidi ya mita 200.

Milima imepewa jina la Livingstone, lakini mwenyewe hakuwahi kuigusa. Alifika ziwa hili mwaka 1859 kwenye ncha ya kusini, mamia ya kilomita kutoka hapa; mwaka 1861 alirudi na boti, akapanda pwani ya magharibi, akageuza njia kabla ya kuifikia ncha ya kaskazini. Wamisionari wa Berlin ndio waliokuja kukaa kuanzia mwaka 1891, na Kanisa la Kilutheri mpaka leo lina hospitali na nyumba za wageni Matema. Pembeni yake kuna loji na kambi nyingine, za bei ya chini na za bei ya wazungu.

Sisi tulichukua kibanda cha makuti hatua chache kutoka majini. Kitanda kizuri, maji ya bomba ya baridi kutoka mlimani, umeme unaokuja na kwenda. Jikoni kuna sheria moja: agiza mapema. Ukiagiza samaki saa moja ya usiku utamla saa tatu, kwa kuwa moto utawashwa baada ya oda na samaki pengine atanunuliwa baada ya moto. Mtu wa mjini hukasirika siku ya kwanza. Siku ya pili anaagiza chakula cha mchana akiwa bado anakunywa chai, na maisha yanaendelea.

Alfajiri niliwaona wavuvi wakirudi na usipa. Huenda ziwani usiku na taa, samaki wanaufuata mwanga, wavu unapita chini yao. Usipa ni wadogo, wembamba, wenye kung'aa, na saa tatu ya asubuhi walikuwa wamekwisha kutandazwa kwenye vichanja, ufuko mzima ukimeta. Wanawake wanawageuza kwa mikono, wakitaniana kwa sauti. Hawa ndio protini ya bonde lote na wanasafirishwa mbali kwa magunia.

Mchana tulitafuta samaki wa aina nyingine. Ziwa Nyasa lina spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, mamia kwa mamia, na nyingi hazipatikani kwingine. Huhitaji mtungi wa hewa wala mafunzo. Unahitaji miwani ya kuogelea na mwamba, na miamba inaanza pale pale mchanga unapoishia chini ya mlima. Nilizamisha uso tu, nikakuta wamejaa: wa buluu wenye mistari myeusi, wa njano, wa rangi ya chungwa, kila mmoja akilinda jiwe lake dhidi ya jirani. Majike wa wengi wao hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na hatari ikija watoto hurudi ndani ya kinywa cha mama. Watu wa Ulaya na Marekani hununua samaki wa aina hii kwa fedha nyingi kuwafuga kwenye vioo vya sebuleni. Watoto wa Matema wanawaona bure wakienda kuosha vyombo.

Upande wa pili wa Matema, magharibi, mambo ni tofauti. Huko Mto Lufilyo unaingia ziwani kati ya matete, na huko hakuna wa kuogelea, kwa kuwa ni makazi ya mamba na viboko. Tulikwenda na mtumbwi wa gogo, mpiga kasia akiwa amesimama nyuma, akiniomba mara kwa mara nisiinamie upande. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu akipiga kelele zake. Midiria walikuwa wakining'inia hewani kabla ya kujirusha majini, na hondohondo wakivuka mto kwa mabawa yenye kishindo. Viboko walitokeza masikio na macho, wakatuhesabu, wakazama. Mpiga kasia hakuzipenda hesabu hizo, akageuza mtumbwi. Shemeji, ambaye kutwa nzima alikuwa akisimulia ushujaa wa babu zake, alikuwa ameshageuka kabla ya mtumbwi.

Jumamosi ni siku ya Lyulilo. Kijiji kiko mwendo mfupi kutoka Matema kwa kufuata ufuko, na huko ndiko vyungu vya Wakisi vinakouzwa. Wakisi ni wavuvi na wafinyanzi wanaoishi kwenye vipande vya ardhi vilivyobanwa kati ya mlima na maji, na makazi yao yanayojulikana zaidi kwa ufinyanzi ni Ikombe, rasi iliyo ng'ambo ya ghuba. Hawana bonde la kulima mpunga. Wana udongo. Kwa vizazi vingi wamebeba vyungu kwenye mitumbwi, wakavileta tambarare na kubadilishana na nafaka na ndizi za Wanyakyusa. Siku hizi pesa imeingia kati, lakini asubuhi ile nilimwona mama mmoja akichukua ndizi mkungu mzima na kuacha vyungu viwili, bila noti hata moja kuonekana.

Tulikwenda Ikombe kwa boti kabla ya upepo kuamka. Mfinyanzi aliyetupokea, mama mtu mzima aliyetukaribisha kukaa kwenye kivuli cha paa lake, aliendelea na kazi huku akiongea. Hatumii gurudumu. Udongo unakaa juu ya kigae kilichopinda, naye anakizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiinua ukuta wa chungu, kwa kasi ambayo unashindwa kuona ni wakati gani donge limekuwa chombo. Baadaye hupakwa udongo mwekundu na mweupe, hukwaruzwa mapambo, hukaushwa, kisha huchomwa kwa moto wa wazi.

"Hiki kinapikia nini, mama?" nilimuuliza.

"Maharage. Na samaki. Ukipikia wali utauunguza, wewe mwanamume."

Nilinunua cha maharage. Bei aliyoniambia ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilisikia aibu, maana najua chungu hichohicho kikifika Mbeya kinaongezeka bei, na kikifika Dar es Salaam kinaitwa pambo. Anayepata kidogo kuliko wote katika mnyororo huo ni yule mwenye udongo kwenye kucha. Ushauri wangu kwa wasafiri ni mmoja tu: Ikombe msipunguze bei.

Rasi hiyo ina sifa nyingine. Kuna pango ambalo Wanyakyusa wa zamani waliliheshimu kama makao ya Kyala, aliyehesabiwa kati ya mashujaa waliowaletea watu maisha, na ambaye jina lake leo ndilo wanalotumia Wakristo wa Kinyakyusa kumwita Mungu. Makuhani walikuwa wakienda kutambika. Boti yetu ilipita mbali kidogo, na nahodha alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Kurudi hakukuwa rahisi. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa mwera hupiga kutoka kusini, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, mawimbi yana nafasi ya kutosha kukua kabla ya kufika Matema. Tuliloa mpaka mifukoni. Chungu nilikipakata. Wenyeji waliokuwa botini, pamoja na mbuzi wao, walikaa kimya wakitazama mbele. Meli ni salama zaidi kwa anayetaka kuendelea na safari kusini kuelekea Mbamba Bay. Mv Mbeya II, iliyojengwa huku huku Kyela, ina nafasi ya abiria 200, na ndiyo inayovihudumia vijiji vya mwambao ambavyo havina barabara. Uliza ratiba kwanza, kisha upange likizo. Usifanye kinyume chake.

Tulimalizia safari juu kabisa, Kitulo. Ni uwanda wa nyasi nyuma ya ukuta uleule wa Livingstone, mita 2,600 kwenda juu, na kilele chake cha Mtorwi kina mita 2,961. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kuna spishi kama 350 za mimea, zikiwemo okidi zaidi ya 40. Mwezi wa Juni sikuona hata ua moja la maana: nyasi zilikuwa za kahawia, alfajiri zimepigwa na jalidi, na blanketi tatu hazikutosha. Lakini maji yalikuwepo. Mwongozaji alituonyesha vijito, akasema hiki kinaelekea Ruaha Mkuu, kile kinashuka kwa watu wa Kyela.

Aliongea pia kuhusu chikanda. Okidi zina viazi ardhini, na Zambia viazi hivyo husagwa na karanga kutengeneza chakula kinachopendwa sana. Zilipopungua kwao, wanunuzi wakavuka mpaka, na nyanda za juu zetu zikaanza kuchimbwa. Kila kiazi kinachong'olewa ni mmea mmoja uliokufa, hautoi ua tena. Hifadhi imesaidia ndani ya mipaka yake. Nje ya mipaka, jembe bado linafanya kazi.

Kwa anayepanga safari: maua ya Kitulo huchanua kati ya Desemba na Aprili, wakati ambao Kyela inaelea kwenye mvua. Ziwa hutulia Septemba mpaka Novemba, wakati ambao Kitulo ni nyasi kavu. Haviji pamoja, na hakuna wakala wa safari atakayekupatia vyote kwa likizo moja, hata akikuahidi. Chukua fedha taslimu, miwani ya kuogelea yako mwenyewe, dawa ya mbu na koti zito, vyote kwenye begi moja. Lala Ipinda walau usiku mmoja. Mimi nikipewa kuchagua nitachagua Juni tena, pamoja na mwera wake na baridi yake, kwa sababu ya wali.